Vipele, madoa na poda isiyokaa: kusaka chanzo usoni mwa binti

Binti anapokaribia kuvunja ungo, tezi za mafuta usoni huanza kufanya kazi kwa nguvu ambazo hazikuwa nazo utotoni. Chunusi za umri huo ni za kawaida, na nyingi hutulia kwa utunzaji mdogo au kwa dawa moja ya famasia. Mara nyingi kinachozifanya zikomae na kuacha madoa ni kile kinachopakwa juu yake: sabuni kali, limau, dawa ya meno, krimu ya kupimiwa kwenye kikopo kisicho na jina. Ndiyo maana kila dalili hapa chini inaanza na swali lilelile: uso huu unapakwa nini?

Anza kwa kuondoa

Weka mezani kila kinachogusa uso: sabuni, losheni, mafuta ya nywele, poda, brashi, taulo, foronya, ushungi. Kwa wiki 2 baki na vitu vitatu tu: sabuni laini isiyo na manukato, losheni nyepesi na losheni ya kukinga jua. Sabuni ya mche ya kufulia haimo, wala sabuni za dawa za kuua vijidudu. Ngozi ya uso ina uasidi kidogo, kiasi cha pH 5, ilhali sabuni ya kufulia hufika pH 9 au 10. Kila ukiitumia unavua utando unaoshikilia unyevu.

Nawa asubuhi na usiku, na baada ya michezo. Tumia vidole, sekunde 30 hadi 60, kisha suuza mpaka kwenye mstari wa nywele na chini ya taya, maana huko ndiko povu hubaki. Bweni ambako maji ni ya ndoo, tenga kopo moja la maji safi kwa ajili ya kusuuza uso peke yake. Dodoki liachie visigino na viwiko.

Uso ukitulia, rudisha kitu kimoja kila baada ya siku 5. Kitakachorudi na vipele ndicho mkosaji. Ukirudisha vitatu kwa mpigo hutajua ni kipi, na wiki zako mbili zimepotea.

Vipele vidogo vingi kwenye paji la uso

Hapa watu hukimbilia dawa ya chunusi, na mara nyingi hukosea. Angalia kwanza vipele vimekaaje.

Vikifuata mstari wa nywele, haviumi, na vina rangi ya ngozi au kichwa cheupe, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta ya nywele. Mafuta mazito, jeli ya kulaza nywele za mbele na sprei ya rasta hushuka na jasho na kuziba matundu ya ngozi. Paka mafuta kuanzia sentimita 2 au 3 nyuma ya mstari wa nywele, funga kichwa usiku kwa kitambaa kinachoishia juu ya mstari huo, na fua foronya kila wiki. Usitegemee mabadiliko ya kesho: matundu yaliyoziba huchukua wiki 4 hadi 8 kufunguka.

Vikiwa na ukubwa mmoja kama vimemwagwa, na vinawasha, fikiria fangasi. Ni fangasi jamii ya ile ya mba, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kushamiri penye jasho na mafuta. Huchochewa pia na antibayotiki, kwa hiyo binti aliyepewa vidonge vya chunusi kisha akatoka vipele vya kuwasha asiongezewe dozi kabla ya kuangaliwa upya. Shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2 husaidia: paka povu pajini, acha dakika 3 hadi 5, suuza, mara 2 au 3 kwa wiki kwa wiki 3 au 4. Kuwasha ndiyo alama kuu. Chunusi za kawaida huuma zaidi kuliko kuwasha.

Vikiwa na usaha kwenye mizizi ya nywele, siku chache baada ya kusuka, basi msuko umekaza. Fumua mistari ya mbele hata kama ulilipia jana. Nywele zikivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka, pembeni hunyonyoka na zinaweza zisirudi.

Na kwa wanaovaa ushungi: kitambaa cha ndani kinachobana paji kifuliwe kila siku, kiwe cha pamba, na kisuuzwe vizuri. Sabuni ya unga iliyobaki kwenye kitambaa huwasha ngozi ikikutana na jasho.

Chunusi zenye kichwa, usaha au uvimbe

Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa chunusi iliyovimba hauonekani vizuri. Utaona weusi uliokolea, na ukigusa utasikia joto na maumivu. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu dawa hazifanani.

Vichwa vyeusi na vyeupe visivyouma hujibu adapaleni asilimia 0.1 usiku, au asidi ya salisiliki isiyozidi asilimia 2. Weusi wa vichwa vyeusi si uchafu. Ni mafuta na seli zilizokutana na hewa, kwa hiyo kusugua hakuviondoi. Chunusi zilizovimba na zenye usaha hujibu benzoili peroksaidi. Chagua asilimia 2.5 au 5. Ya asilimia 10 haiponyi zaidi, inachoma zaidi tu.

Namna ya kutumia ndiyo huharibu kazi. Nawa, kausha, subiri dakika 15 uso ukauke kabisa. Benzoili peroksaidi paka utando mwembamba eneo lote linalotoka chunusi, maana kazi yake ni kuzuia zijazo pamoja na kutibu iliyopo. Adapaleni chukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima: nukta pajini, nukta kila shavu, nukta kidevuni, kisha sambaza, ukiepuka macho, pembe za pua na midomo. Zote mbili anza usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, kwa wiki 2. Losheni nyepesi juu yake inaruhusiwa, tena inasaidia.

Yanayokwenda kombo ni haya. Benzoili peroksaidi hung'oa rangi ya nguo, kwa hiyo taulo, ushungi na kola ya sare vitatoka mabaka. Tumia foronya nyeupe. Adapaleni inaweza kuzidisha chunusi kwa mwezi wa kwanza kabla ya kuzipunguza, na haitumiwi na mjamzito. Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha wiki ya tatu kwa sababu hakuna kilichobadilika. Hesabu wiki 8 hadi 12 kwenye kalenda, piga picha ya siku ya kwanza dirishani, na linganisha kwa mwanga uleule.

Chunusi kuongezeka wiki moja kabla ya hedhi si dalili kwamba dawa imeshindwa. Lakini zikiwa nyingi kidevuni, na hedhi inaruka miezi, na ndevu zinaota, huo ni uchunguzi wa homoni, nenda hospitali.

Karanga zimesingiziwa kwa muda mrefu. Hakuna ushahidi wa maana dhidi yake. Vinywaji vyenye sukari nyingi vina kesi nzito zaidi. Na wanaomwambia binti kwamba chunusi zitaisha akiolewa au akizaa wanamdanganya, tena uongo wa kumharibia maisha. Chunusi hazitibiwi kwa ndoa.

Madoa meusi baada ya chunusi kupona

Pitisha kidole. Kama ngozi ni bapa, hilo ni doa: ngozi iliyovimba ilitengeneza rangi nyingi, na rangi hiyo hufifia yenyewe kwa miezi 3 hadi 12. Kama kuna shimo, ni kovu, na krimu ya dukani haitalijaza. Kama kuna kinundu kigumu kinachozidi kukua kupita kidonda chenyewe, hasa kwenye taya, kifua au sikio, ni keloidi. Usilisugue wala kulikata, lionyeshe kwa daktari mapema.

Doa bapa linalokataa kufifia kwa kawaida lina vyanzo viwili: kutumbua na jua. Kutumbua kunasukuma usaha ndani na kuongeza uvimbe, na uvimbe ndio unaozaa rangi. Chunusi iliyoiva ikikusumbua, weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu dakika 10, mara 2 kwa siku, na uiache ifunguke.

Jua nalo hukoleza doa. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini kinga hiyo haizuii doa kukolea. Losheni ya kukinga jua iwe SPF 30 au zaidi (ni kiwango cha kinga, kimeandikwa kwenye lebo), na kipimo ni mistari miwili iliyokamuliwa juu ya kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Wengi hupaka robo ya hiyo kisha husema haifanyi kazi. Ikikuacha mweupe kama umepakwa chokaa, tafuta ya jeli au yenye rangi ya kahawia. Ile ya rangi ina oksaidi za chuma zinazozuia pia mwanga unaoonekana, ambao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Rudia kila saa 2 ukiwa nje. Kwa binti mwenye ualbino losheni hiyo ni kinga ya saratani, ya kila siku, pamoja na kofia pana na mikono mirefu. Moshi hutengenezwa Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili yao.

Ukitaka kuharakisha, asidi ya azelaiki asilimia 10 hadi 20 hutibu chunusi na kupunguza madoa kwa pamoja. Huchonyota dakika chache mwanzoni.

Limau liache jikoni. Maji yake ni asidi kali, na yakikutana na jua juu ya ngozi huweza kuunguza na kuacha michirizi myeusi mibaya kuliko doa ulilotaka kuondoa. Dawa ya meno na magadi navyo visipakwe usoni.

Uso unachonyota, unapauka, unabambuka

Hesabu viambato vikali unavyotumia kwa pamoja. Salisiliki kwenye sabuni, benzoili kwenye krimu, skrabu ya sukari Jumamosi: huo tayari ni mzigo. Acha vyote siku 7 hadi 14, nawa kwa maji na sabuni laini usiku tu, paka losheni isiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevunyevu wa maji. Ukirudi, rudi na kimoja. Liwa ya pwani iliyosagwa vizuri kwenye msio haina ugomvi na ngozi nyingi, mradi isichanganywe na limau na isikaushwe usoni mpaka inapasuka.

Uso umekuwa mweupe, lakini masikio na vifundo vya vidole ni vyeusi

Huu ni mkorogo, hata kama aliyekuuzia aliuita krimu ya chunusi. Dalili nyingine: ngozi laini mno kama karatasi, mishipa midogo kuonekana mashavuni, vinyweleo laini kuota kwenye taya, vipele vingi vya ukubwa mmoja, na uso kuwaka ukipigwa na jua.

Unapaswa kuelewa kwa nini mkorogo unawanasa mabinti werevu kabisa. Mwezi wa kwanza unafanya kazi. Ndani yake mara nyingi kuna steroidi kali, ambayo hushusha uvimbe: chunusi zinalala, uso unang'aa, marafiki wanasifia. Wakati huohuo ngozi inasinyaa kwa ndani. Ukiacha, baada ya siku au wiki chache uso unavimba, unawaka na kutoka vipele vibaya kuliko vya mwanzo. Binti anaamua kwamba krimu ndiyo iliyokuwa inamsaidia, anairudia. Hivyo ndivyo mwaka unapita.

Viambato vingine vya mkorogo ni haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua rangi ya ngozi, na zebaki. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa kibuluu wenye chembechembe juu ya mashavu, ambao kuutoa ni kazi ngumu sana. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo, na haimdhuru anayepaka peke yake: hubaki kwenye taulo na shuka na kuwafikia wadogo zake. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni vilipigwa marufuku kutengenezwa na kusafirishwa baada ya 2020. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi. Tanzania, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Kenya ni KEBS.

Soma lebo. Ukiona "clobetasol" au "betamethasone" (steroidi), "hydroquinone", "mercury" au "calomel" (zebaki), rudisha. Ukiona onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini, hiyo ni ishara ya zebaki. Kikopo kisicho na orodha ya viambato kihesabu kuwa na vyote.

Namna ya kuacha: kama umepaka uso tu kwa wiki 2 au 3, acha, na ujiandae kwa wiki ngumu kadhaa za losheni nyepesi na kivuli. Kama umepaka mwili mzima kwa miezi, usiache peke yako. Steroidi huweza kuzilaza tezi za mwili zinazotengeneza homoni kama hiyo, na kuikata ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kutapika na kuzimia. Nenda hospitali na kikopo mkononi. Mzazi anayesoma hapa: usimgombeze. Binti anayeogopa kugombezwa ataendelea kupaka kwa siri.

Mekapu: uso wa majivu

Chunguza kwa mpangilio huu, maana chanzo cha kwanza ndicho cha mara nyingi.

Ngozi kavu. Poda hushika kwenye magamba. Paka losheni, subiri dakika 10, jaribu tena.

Poda nyeupe. Poda ya watoto na ile "isiyo na rangi" huacha ukungu mweupe kwenye ngozi nyeusi, na kwenye picha ya flashi ukungu huo huwaka. Kabla ya mahafali au kipaimara, jipige picha moja ya flashi nyumbani.

Rangi isiyo yako. Usijaribie mgongoni mwa mkono. Chora mistari mitatu ya fandesheni tofauti kwenye taya, toka nje kwenye mwanga wa mchana, na subiri angalau nusu saa, kwa sababu nyingine hukolea au kuwa za chungwa zikichanganyika na mafuta ya ngozi. Unaopotea ndio wako. Ni kawaida paji na pembeni mwa uso kuwa weusi kuliko mashavu. Fuata taya na shingo, usijaribu kusawazisha kila kitu.

Fandesheni ikitoka vijivumbi kama uchafu wa kifutio, tabaka ni nyingi au hazikukauka. Punguza kila kitu nusu, subiri kati ya tabaka, na gandamiza kwa sponji yenye unyevu badala ya kusugua. Ikiyeyuka saa sita mchana, gandamiza tishu kwanza, kisha poda kidogo kwenye paji, pua na kidevu pekee. Poda juu ya jasho hufanya tope.

Kwa kweli msichana wa miaka 15 hahitaji fandesheni ya uso mzima kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Kuficha chunusi moja kunatosha: losheni ya jua, subiri, tone la konsila dogo kuliko punje ya mchele juu ya doa tu, liache sekunde 30 ligande, gonga pembeni kwa kidole safi hadi mpaka upotee, malizia na poda kidogo ya rangi yako. Usigonge katikati, utaing'oa.

Usiku vua yote. Ukitumia mafuta ya nazi kuyeyushia mekapu, yaoshe kwa sabuni laini, yasilale usoni. Brashi zioshwe kila wiki na zikaushwe zikiwa zimelala, ili maji yasiingie kwenye gundi ya mpini.

Macho, midomo na piko

Jicho linalowasha na kutoa tongotongo: tupa maskara iliyofunguliwa zaidi ya miezi 3, na usiilainishe kwa maji wala mate. Wanja na maskara haviazimwi, hata kwa dada. Baadhi ya wanja wa unga wa jiwe huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiununue usiojulikana ulikotoka. Gundi ya kope za bandia ijaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa saa 48.

Midomo inayopasuka huanza na kulambwa, kisha lipstiki kavu inamalizia. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mara 4 kwa siku, ni dawa nzuri na rahisi. Wekundu au weusi kuzunguka mdomo mara baada ya kubadilisha lipstiki au dawa ya meno huenda ni mzio. Rudi kwenye ya zamani.

Piko inahitaji onyo la peke yake. Ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD, na haikukusudiwa kuchorwa mikononi. Ikimkataa mtu hutoka malengelenge kufuata ua lenyewe, na mzio huo hubaki maisha yote. Kupaka tena rangi ya nywele miaka kumi baadaye kunaweza kuvimbisha uso mzima. Kwa harusi chagua hina ya kawaida, ile ya kahawia iliyokaa saa kadhaa.

Usisubiri wiki mbili

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama uso umevimba na kupumua ni kwa shida, jicho linauma au kuona kumefifia, au chunusi zimekuja ghafla na homa na maumivu ya viungo. Nenda ndani ya mwezi kama kuna vinundu vikubwa vinavyouma chini ya ngozi, maana hivyo huacha makovu, au kama wiki 12 za dawa iliyotumiwa vizuri hazijasaidia. Pasipo daktari wa ngozi, uliza hospitali ya wilaya au mkoa kama ina afisa tabibu wa ngozi. Kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992.

Siku hiyo nenda bila mekapu. Beba kila tyubu na kikopo kwenye mfuko mmoja, na kile kilichofichwa chini ya godoro pia.